Kura Arobaini na Tatu

Miaka kumi na tisa nafungua barua za mheshimiwa
katika ofisi hii juu ya duka la viatu, Leitrim,
ambako mvua haipigi hodi
na dirisha halijawahi kufunga sawasawa.
Bahasha nazijua kwa harufu:
yenye moshi imeshuka mlimani,
yenye dawa ya ng'ombe ni ya akina Mulvey,
na ile kavu, isiyonuka kitu, imetoka serikalini.

Niwaambie siri ya kazi, maana nastaafu Machi.
Zile kadi mia mbili zenye maneno yale yale,
mlizoletewa zimekwisha chapwa, mkatia saini tu,
huwa sizisomi. Nazihesabu.
Namwandikia pembeni: "Mia mbili, kuhusu nyuki."
Yeye hutikisa kichwa, hunywa chai.
Matusi nayo yana sanduku lake. Limejaa,
na hakuna shimo la barabara lililowahi kuzibwa kwa tusi.

Lakini Novemba ile ilikuja barua ya Attracta Gilhooly,
karatasi ya daftari la shule, kalamu inayovuja.
Hakuanza na salamu za heshima. Alianza na saa:
"Basi la saa moja na robo limefutwa.
Malachy wangu husafishwa damu Sligo
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Teksi ni yuro tisini. Pensheni yetu unaijua.
Nauliza jambo moja: nani alitia saini?"
Akaambatisha tiketi ya mwisho, imekunjwa mara nne.

Sikuitia kwenye faili. Niliiweka
juu ya kiti cha gari lake, pale anapokalia.

Akajibu kama wajibuvyo: "Nimepokea. Nimelizingatia."
Maneno hayo huyachapa mimi;
nayajua yalivyo mepesi, hayavuki hata mto.

Mama akapiga simu, nikapokea.
Nikashusha sauti: "Jumamosi ana kliniki
chumba cha nyuma, hoteli ya Gaffney.
Usije peke yako.
Na kila mtu aje na swali lake, si la kukariri."
Kliniki, ndivyo tunavyoiita huku,
ingawa hakuna anayepimwa ila yeye.

Wakaja. Bríd Mulvey na mtoto mwenye kikohozi.
Cathal wa maziwa, viatu vya shambani, matope mpaka kwenye zulia.
Jucelino, Mbrazili wa kiwanda cha nyama,
ambaye kura ya bunge hana ila ya udiwani anayo,
na aliyasema hayo kabla ya kuulizwa.
Mwalimu Tiernan, miaka themanini na minne,
aliyemfundisha mheshimiwa kujumlisha.
Foleni ikapita baa, ikatoka mlangoni,
ikasimama kwenye mvua bila kunung'unika.

Mheshimiwa akachungulia dirishani.
Niliiona midomo yake.
Arobaini na moja. Arobaini na mbili.
Mara ya mwisho alishinda kwa kura arobaini na tatu.
Hapo akanyamaza.
"Endelea, mwanangu," akasema Tiernan. "Usiruke."

Jumanne alisimama bungeni Dublin
akauliza swali la mama vile vile lilivyo,
nani alitia saini,
na waziri akapekua makaratasi, akakohoa,
akaomba muda.
Wiki tisa.
Kisha basi likarudi, jipya, lina viti vya buluu:
Jumanne na Alhamisi.

Nilicheka. Nikaona haya.

Asubuhi hii imefika bahasha, moshi ule ule, wino ule ule:
"Ahsante kwa basi. Ni zuri.
Figo hazijui Jumanne.
Jumamosi tunakuja tena. Malachy naye atakuwepo,
siku hiyo hana mashine,
na anataka kuuliza la kwake."

Mheshimiwa yuko kwenye simu, amenipa mgongo.
Nimechukua funguo za gari.